Oili na filta ya gia boksi ya otomatiki kwenye Corolla NZE

Ushauri wa "usiiguse oili ya gia boksi, itakufa" umeacha Corolla NZE121 nyingi zikitembea na oili nyeusi ya miaka. Gia boksi yake, U340E ya gia nne, haiuliwi na kubadilishiwa oili. Inauliwa na oili isiyo yake, au kipimo kilichokosewa. Ikiwa tayari inateleza na oili inanuka kuungua, pleti za klachi zimeshalika, na oili mpya haitazirudisha. Hapo ndipo oili husingiziwa.

Oili yake ni ATF (oili ya gia boksi za otomatiki) aina ya T-IV; mara nyingi kijiti cha kupimia kimeandikwa hivyo. Dexron, aina nyingine ya ATF, nayo ni nyekundu, lakini msuguano wake kwenye klachi ni tofauti, na gari linaweza kuanza kutetemeka konveta (kiungo kati ya injini na gia boksi kinachofanya kazi kwa oili) inapojifunga. ATF WS ya Toyota ni nyepesi zaidi, nayo si mbadala. Nunua kopo lenye lakiri, si oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa. Mwenye Corolla Axio asifuate maelezo haya: nyingi zina CVT, gia boksi isiyo na gia za hatua, yenye oili ya aina nyingine kabisa.

Nunua lita 4 na akiba ya lita 1, filta, gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya gia boksi) na washa mpya ya bolti ya kumwagia.

Endesha gari dakika kumi oili ipate uvuguvugu, lipaki pasawa, zima injini, liweke juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Fungua bolti ya kumwagia, kisha bolti za sampu kwa spana namba 10. Legeza upande mmoja kwanza, maana bado kuna oili imebaki ndani. Kusanya yote kwenye chombo chenye alama za lita. Itatoka kama lita 3 hadi 3.5, nyingine inabaki kwenye konveta.

Sasa tazama sumaku za sampu kabla ya kuzifuta. Ute wa kijivu laini kama uji ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma unavyovihisi kwa vidole ni habari mbaya, na hapo zungumza na fundi wa gia boksi kabla ya kutumia pesa zaidi.

Filta ishushe ukikumbuka kila bolti ilikotoka. Kuiosha kwa petroli hakusaidii kama chujio lake ni la kitambaa, kwani uchafu umenasa ndani. Kama ina oringi (pete ya mpira ya kuzibia), hakikisha ya zamani haikubaki juu. Zikikaa mbili, pampu hunyonya hewa na gari huchelewa kushika gia.

Gasketi ifungwe kavu. Silikoni ikizidi huminyika kuingia ndani, ikaziba filta. Bolti za sampu kaza kwa kukingamana, Nm 7 hivi tu. Ukizidisha unapinda mdomo wa sampu na uvujaji unaanza hapohapo.

Rudisha bolti ya kumwagia na washa yake mpya, shusha gari kutoka kwenye stendi, kisha mimina kwa funeli ndefu kupitia tundu la kijiti, kiasi kilekile kilichotoka. Washa injini, kanyaga breki, pitisha leva P hadi L, ukituliza sekunde chache kila nafasi, rudi P. Endesha mpaka ipate moto, kisha pima injini ikiwa inanguruma, kwenye alama za HOT. Wengi hupima injini imezimwa, wakaona imejaa kupita kiasi na kuanza kuipunguza. Futa kijiti kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Ikipungua, ongeza kidogo kidogo. Ikizidi, oili hutoa povu, presha inashuka na klachi zinateleza.

Karibu nusu ya oili ya zamani bado imo. Baada ya kilomita 1,000 hivi mwaga tena kwa bolti pekee, bila kushusha sampu, ujaze kiasi kilichotoka. Kwa gari kuukuu njia hii ni bora kuliko mashine ya kusukuma oili kwa presha, inayoweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye valvu.