Muulize Bwana Miti: Mwarobaini wa baba mkwe ukatwe au ubaki?

Mbukwenyi, wasomaji. Upepo wa Septemba umeanza kupiga hapa Dodoma na barua zenu zimefuata. Kila mwaka ni hivyo: tawi moja likianguka mtaani, nyumba kumi zinatafuta chensoo. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndani yake kuna maswali ya watu wengi wa mitaa ya zamani.

*Shikamoo Bwana Miti. Naishi Area C, nyumba tuliyoachiwa na baba mkwe. Mbele ya baraza kuna mwarobaini alioupanda mwenyewe miaka ya 1980. Shina limenenepa, mtu mmoja halikumbatii. Mvua za kwanza za mwaka jana ziliangusha tawi likatoboa bati la jiko. Mume wangu anataka mti uondolewe. Fundi wa chensoo anasema tuukate kichwa tu, utachipua upya ukiwa mdogo. Tena tunapanga kuweka pevingi ua mzima, vumbi limetuchosha. Kuanzia saa sita mchana nyumba nzima tunakaa chini ya mti huo. Nifanyeje? — Mama wa Area C*

Marahaba, mama. Nianze na fundi: mpe soda, mshukuru, aende zake. Mwarobaini ukikatwa kichwa utachipua kweli, tena kwa fujo, na hapo ndipo shida inapoanzia. Machipukizi yale yanaota juu juu, karibu na gome, hayana mshiko ndani ya mti. Wakati yanarefuka, kisiki yalipoota kinaoza. Baada ya miaka michache unakuwa na fito nzito, nyingi, zimesimama juu ya mbao mbovu, na mvua ya kwanza ya Desemba inajua cha kufanya. Fundi naye anarudi kulipwa mara ya pili.

Kuna mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, aliyepasua miti kwa maelfu kwa chensoo ili aone kidonda kinavyokuwa ndani. Maelezo yake ya mwaka 1977 yalibadilisha kazi yetu. Mti hauponi jeraha kama ngozi ya mtu. Unalijengea ukuta ndani, uozo ubaki upande wa pili, kisha unaota mbao mpya nje yake. Kata ndogo, mahali sahihi, ukuta unajengeka. Kata katikati ya tawi nene, mti unashindwa kuufunga. Ndiyo maana sishauri kupaka rangi wala lami kwenye kidonda. Ukuta hautoki kwenye kopo.

Sasa nenda kalitazame lile kovu la mwaka jana. Kama ndani ni peupe na pana vibanzi virefu, tawi lilikuwa zima, lilizidiwa na uzito na upepo. Kama ni pa kahawia, panabonyea kwa kidole na kumeguka, uozo ulikuwepo siku nyingi na huenda umeshuka kwenye shina.

Ukimaliza juu, shuka chini, maana watu hutazama matawi wakati mti huangukia miguuni. Fagia mpaka uone mizizi mikubwa inapotokea. Shina la mti mzee hutanuka linapoingia ardhini. Kama lako linaingia limenyooka, basi kuna kifusi kimerundikwa pale, pengine tangu ukuta wa uzio ulipojengwa. Kitoe taratibu kwa mkono, usitumie jembe. Kisha chukua mchi wa jikoni ugonge shina pande zote. Mbao nzima hutoa mlio mfupi, mzito. Palipo na tundu panalia ngoma. Usikimbie ukisikia ngoma: mti wenye tundu unaweza kusimama miaka mingi. Kwa shina la kipenyo cha sentimita 60, natafuta ukuta wa mbao nzima usiopungua sentimita 10 kuzunguka pande zote.

Kinachonifanya mimi niseme mti uondoke ni uyoga mgumu unaotoka shinani karibu na ardhi, au udongo uliopasuka na kuinuka upande mmoja baada ya upepo, au ufa kwenye panda ambao kila msimu unazidi kupanuka. Ukikuta mojawapo, mumeo ana haki, usibishane naye. Ila msikate kabla ya kupita ofisi ya mtaa na kuuliza kibali cha jiji.

Usipokuta hata kimoja, mti ubaki, upunguzwe mzigo tu. Matawi makavu yaondolewe wakati wowote. Mabichi yaondolewe kabla ya mvua, na kwa mti wa umri huo nisingeruhusu zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Simama pale fundi anapokata. Kwanza akate kutoka chini ya tawi, sentimita 30 au zaidi mbali na shina, theluthi moja ya unene. Halafu asogee mbele kidogo akate kutoka juu, tawi litaanguka bila kuchuna gome. Kisigino kinachobaki akikate nje tu ya ule uvimbe wenye mikunjo, pale tawi linapokutana na shina. Uvimbe ule usiguswe, asiusawazishe na shina hata akikwambia ndiyo fasheni, kwa sababu ukuta niliousema huanzia hapo. Fundi asiyejua uvimbe huo mwache aendelee na kuni.

Nimefika kwenye pevingi, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Katika mitaa yetu ya zamani, naona sementi inaua miti mingi kuliko uzee. Mizizi inayonywa na kupumua iko karibu, mingi yake ndani ya sentimita 60 za juu, na inatambaa kupita mwisho wa matawi. Fundi wa pevingi anachimba sentimita 20 au 30, anamwaga moramu, anashindilia kwa mashine, anafunika. Amekata mizizi na kuziba hewa siku moja. Mti haufi mwaka huo. Unaanza kukauka vilele, majani yanapungua, mwaka wa tatu au wa nne unakatika. Watu wa nyumbani wanasema ni uzee. Wengine wanasema ni jirani.

Kwa hiyo achia duara la udongo mtupu, mita mbili kila upande kutoka kwenye shina kwa uchache. Ukiweza, hadi kivuli cha saa sita mchana kinapoishia. Gari likilazimika kupita humo, weka mistari miwili ya pevingi ya matairi, basi, bila kuchimba kwa kina. Vumbi lizibe kwa kokoto nyepesi au kwa majani ya mti wenyewe, yasisogee karibu na shina chini ya shubiri moja. Najua uwanja usiofagiliwa ni aibu mbele ya wakwe. Waambie Bwana Miti amekataza.

Maji: Dodoma ya kawaida haipati hata milimita 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mwarobaini wako umeyazoea hayo, hautaki kikombe kila jioni. Kuanzia Agosti upe ndoo kumi za lita 20 mara moja kwa mwezi, taratibu, pembezoni mwa kivuli na si kwenye shina. Mgao ukibana, tumia maji ya kusuuzia nguo, mradi hayana dawa ya madoa.

*Mzee wangu, mkrismasi wa jirani umeinua ukuta wangu na matawi yamefika kwenye nyaya za umeme. Nimeambiwa nikate mizizi upande wangu. — Mkazi wa Makole*

Usikate kwanza, kijana wangu. Mzizi uliouona ukutani huenda ndio unaoshikilia mti usilale juu ya paa lako. Kanuni yangu ni hii: pima kipenyo cha shina, zidisha kwa tano, ndani ya umbali huo panga lisiingie. Shina la sentimita 40 linakupa mita mbili. Vunja kipande cha ukuta kilichoinuka, weka boriti ya zege juu ya mzizi na nafasi ya kiganja chini yake, jenga juu ya boriti.

Lakini mkrismasi sio mwarobaini. Unakua haraka, mbao zake laini, ukizeeka unaoza ndani huku umejaa maua mekundu na kila mtu anausifu. Mwombe jirani muugonge pamoja. Ukilia ngoma chini na umeegemea kwako, uondoke, na mvua zikianza mpande mkwaju mahali penye nafasi, mbali na ukuta. Unakua polepole, ila wajukuu zenu watakaa chini yake. Matawi ya kwenye nyaya waiteni TANESCO; usipande wewe wala fundi wa mtaani, hata umeme ukiwa umekatika.

*Mchwa wamepanda mjohoro wangu mpaka juu. Nimwage oili chafu? — Msomaji, mtaa wa Kikuyu*

Hapana. Oili inaua udongo na mizizi, mchwa wanahamia upande wa pili. Kwangua njia zao za udongo, kisha kwangua gome kidogo kwa ukucha. Chini kukiwa kijani, walikuwa wanakula gome lililokufa na mti ni mzima. Kukiwa kukavu sehemu kubwa, mchwa wamekuja msibani, hawakuua wao. Tafuta nani alichimba msingi au kuchoma taka hapo.

*Kupaka chokaa shina kunasaidia nini? — Msomaji, Chamwino*

Kwa mti mzee, urembo tu. Ila kama magari yanageuzia hapo usiku, paka.