Hasira za Kijana Aliye Katika Balehe: Namna ya Kuufupisha Ugomvi

Mzazi anayeishi na kijana wa miaka 12 au 13 hushangaa kuona jambo dogo, kama kuambiwa azime simu, likizua ugomvi wa nusu saa. Wanangu wawili wamepitia umri huo mikononi mwangu, na kilichonisaidia kuliko ushauri wote niliopewa ni kuacha kuhangaika na swali la kwa nini kijana amekasirika, nikaanza kuangalia hasira yake inadumu kwa muda gani na mimi nachangia nini katika kuirefusha.

Mtazamo huo una msingi katika sayansi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walichapisha utafiti uliohusisha vijana 137 waliokuwa ndio kwanza wanaingia katika balehe. Kila kijana alirekodiwa kwa video akijadiliana na mzazi wake kuhusu mambo wanayogombania nyumbani, na ubongo wake pia ukapigwa picha kwa mashine ya MRI. Ilionekana kwamba wenye amigdala kubwa zaidi ndio ambao ukali wao ulielekea kudumu zaidi katika mazungumzo hayo. Amigdala ni sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iliyo ndani kabisa ya ubongo kila upande, ambayo huitambua upesi mno hatari, iwe ya kweli au ya kudhaniwa.

Nakuomba usiusome utafiti huo kama hukumu. Ulionyesha uhusiano tu, haukuthibitisha kwamba ukubwa wa amigdala ndio unaosababisha ukali, na hakuna picha ya ubongo inayoweza kukuambia kwamba mwanao atakuwa mgomvi. Anayekuahidi hivyo kwa malipo anakula fedha yako bure.

Lililo wazi zaidi ni mpangilio wa ukuaji wenyewe. Maeneo ya ndani yanayohusika na hisia huchangamka mapema, balehe inapoanza, ilhali sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kujizuia na kupima matokeo, huendelea kukomaa hadi mtu anapofika miaka ya 20 na kitu. Kwa hiyo kijana wako anaweza kukueleza vizuri sana, akiwa ametulia, kwa nini si sawa kumtukana dada yake, na jioni hiyohiyo akamtukana. Ujuzi anao, ila kuufikia wakati damu imechemka ndiko kunakomshinda.

Usiku mmoja mwanangu mkubwa, aliyekuwa na miaka 13, alisimama mlangoni pa chumba chake akiwa amekunja ngumi, sauti ikimkatika, kwa sababu nilimtaka aache simu sebuleni. Nilimwambia, "Nimekusikia, mwanangu. Simu inabaki hapa, na kesho asubuhi tutazungumza." Kisha nikaondoka. Alinijibu kwa kuubamiza mlango, nami sikurudi kuudai msamaha wa mlango. Asubuhi alianza mwenyewe, "Baba, nilikuwa nataka dakika chache tu niwaage wenzangu," tukapanga saa ya kuwaaga. Uamuzi wangu haukubadilika. Kilichobadilika ni saa ya kuujadili. Kwa maoni yangu wazazi wengi huchanganya mambo hayo mawili, wakidhani kwamba kunyamaza kwa muda ni kushindwa.

Chunga pia usingizi wake. Katika umri huu homoni ya usingizi huanza kutoka usiku zaidi kuliko utotoni, ingawa mwili bado unahitaji kati ya saa 8 na 10 za kulala, na kijana aliyelala pungufu ni mwepesi wa kukasirika. Mazungumzo mazito ya usiku wa manane hayana faida kwa yeyote.

Hata hivyo, kama kijana anawapiga watu, anatesa wanyama, anatishia kwa silaha au kutaja kujiua, usisubiri ubongo ukomae. Mpeleke mapema kwa daktari au mshauri nasaha, na uende na maelezo yaliyoandikwa ya kila tukio: lilitokea lini, nini kililitangulia, lilidumu kwa muda gani na lilikwishaje. Kusema tu kwamba mtoto ana hasira hakumpi mtaalamu pa kuanzia.