Muda wa kufuzu Boston Marathon: je, 3:28:40 unatosha?

Dada, hongera kwa saa 3:28:40 ukiwa na miaka 39. Umeuliza kama unaweza kutulia kwa kuwa kiwango cha wanawake wa miaka 35 hadi 39 ni 3:30:00. Kwa maoni yangu, usitulie bado, kwa sababu kufikia kiwango hukupa haki ya kuomba tu, na waombaji wanapozidi nafasi huchukuliwa wenye kasi zaidi. Kwa mbio za 2025 ilibidi mtu awe chini ya kiwango chake kwa dakika 6 na sekunde 51, na kwa 2026 dakika 4 na sekunde 34, ilhali wewe una dakika 1 na sekunde 20.

Angalia kwanza tarehe yako ya kuzaliwa, maana umri huhesabiwa siku ya mbio zenyewe, mwezi wa Aprili. Ukiwa umetimiza 40, kiwango chako kitakuwa 3:35:00, na hapo una matumaini ya kweli. La sivyo, tafuta marathoni nyingine yenye njia tambarare iliyopimwa rasmi. Hayo maumivu ya ugoko uliyoyataja, tafadhali, yaonwe na daktari kabla hujaongeza mazoezi ya kasi.