Mbwa wa mteja ameniuma nikipeleka kifurushi: nichome sindano au nisubiri?

SWALI: Shikamoo daktari. Napeleka barua za ofisi, bili na vifurushi kwa pikipiki hapa Dar es Salaam, upande wa Mbezi Beach na Tegeta. Juzi mbwa wa mteja alichomoka getini akaniuma kwenye shavu la mguu. Suruali ilichanika na damu ikatoka. Mwenye nyumba alisema mbwa wake amechanjwa, nisiwe na hofu, akanipa elfu kumi ya dawa. Niliosha kwa maji nikapaka spiriti. Bosi anasema hiyo ni ajali ya mtaani, si ya kazini. Mbwa huyo amekuwa akinibwekea kila nikifika tangu mwaka jana. Nichome sindano au nisubiri nione? Na sisi wa kazi hii tujikingeje?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Usisubiri. Soma aya mbili zinazofuata kisha uende hospitali leo hii. Mengine utayamalizia kwenye foleni.

Lioshe jeraha tena sasa hivi, kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 ukitazama saa. Virusi vya kichaa cha mbwa vina ganda la mafuta ambalo sabuni hulivunja. Maji matupu hayana uwezo huo, na spiriti haichukui nafasi ya sabuni. Jeraha lisishonwe kabla daktari hajaamua kuhusu dawa nitakayoitaja hapa chini.

Meno yametoboa ngozi na damu imetoka, kwa hiyo Shirika la Afya Duniani (WHO) lingekuweka kundi la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote. Kundi hilo linahitaji chanjo pamoja na dawa yenye kingamwili zilizo tayari, inayochomwa ndani na kandokando ya jeraha. Chanjo huchukua siku kadhaa kuamsha kinga ya mwili. Katika siku hizo ni kingamwili za kuletwa ndizo zinazokulinda. Dawa hii haipatikani kila mahali. Ikikosekana, chanjo ianze hivyohivyo huku mkiitafuta, maana inaweza kutolewa hadi siku ya 7 baada ya dozi ya kwanza. Kwa mwongozo wa WHO wa mwaka 2018, chanjo ya ndani ya ngozi hutolewa siku ya 0 (siku ya dozi ya kwanza), ya 3 na ya 7. Ya msulini huongezewa dozi moja kati ya siku ya 14 na ya 28. Hospitali yako ikiwa na ratiba tofauti kidogo, fuata kadi watakayokupa na usiruke tarehe. Waulize pia kuhusu pepopunda na kama unahitaji antibayotiki.

Kisa cha kukuharakisha ni kwamba dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mara nyingi huchukua miezi miwili hadi mitatu kujitokeza, ingawa zinaweza kuja baada ya wiki moja au mwaka mzima. Anayesubiri kuona huwa anasubiri wakati ambao hakuna tena la kufanya.

Sasa hilo la "amechanjwa". Huenda ni kweli, na ni habari njema, ila halikuondoi kwenye foleni. Omba kuiona kadi: tarehe, jina la aliyechanja, maelezo ya mbwa. Nimewahi kuonyeshwa kadi ya mbwa mweusi jike, na mbele yangu amesimama dume wa kahawia. Kinachosaidia kuliko kadi ni mbwa mwenyewe akiwa hai. Mwenye nyumba amfungie siku 10 tangu siku ya kuuma, na afisa mifugo wa kata ajulishwe. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku hiyo ataonyesha ugonjwa au kufa ndani ya muda huo. Akiwa mzima siku ya 10, daktari wako anaweza kusitisha dozi zilizobaki. Kwa hiyo asiuawe kwa hasira. Akifa, afisa mifugo aitwe upesi ili sampuli ipelekwe maabara.

Kuhusu bosi: sheria si fani yangu, lakini hili halina utata. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inamhusu mfanyakazi aliyeumia kwa sababu ya kazi akiwa kazini. Ulikuwa kwenye geti lile kwa ajili ya kifurushi cha nani? Toa taarifa kwa maandishi, weka risiti zote, na mwajiri aijulishe WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Akikataa, nenda ofisi zao wewe mwenyewe. Kukosa mkataba wa maandishi peke yake hakukufanyi usiwe mwajiriwa.

Nirudi kwenye sentensi yako niliyoiona muhimu kuliko zote: amekuwa akikubwekea tangu mwaka jana. Mbwa yule amekuwa akishinda mchezo kila unapofika. Anabweka, unakabidhi mzigo, unaondoka. Wewe umeondoka kwa sababu kazi imeisha, yeye anaamini amekufukuza, na safari inayofuata anaongeza bidii. Ndiyo maana anaweza kumwacha fundi bomba aliyekuja mara moja akamvaa mpeleka barua anayemwona kila wiki. Ongeza na desturi yetu ya kumfungia mbwa bandani mchana na kumfungulia usiku: huyo hajazoea watu wowote nje ya nyumba yake.

Kwa hiyo hatari ilianza kuandikika siku ya kubweka kwa kwanza, na kazi ya kuiandika ni ya kampuni. Marekani, ambako shirika la posta lilitangaza kuwa zaidi ya wapeleka barua 6,000 walishambuliwa na mbwa mwaka 2024, kifaa cha mkononi cha mpeleka barua huweza kubeba onyo la mbwa kwa anwani husika, na nyumba isiyomdhibiti mbwa inaweza kusitishiwa huduma. Sisi tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 tuna namba za nyumba na majina ya mitaa. Daftari moja ofisini linatosha: namba ya nyumba, mbwa wangapi, hufungwa saa ngapi, simu ya mlinzi. Kibao cha "Mbwa Mkali" msikitegemee. Nyumba nyingi zina kibao bila mbwa, na nyingine zina mbwa bila kibao.

Ukifika, piga simu kabla ya kugonga, mteja au mlinzi atoke nje ya geti. Usipitishe mkono kwenye tundu la geti. Mbwa akitoka, usikimbie wala usimpe mgongo. Rudi nyuma taratibu bila kumkazia macho, mkoba ukiwa kati yenu. Akiruka, mwachie aung'ate mkoba. Ukianguka, jikunje, kinga shingo na masikio kwa mikono. Ukiwa juu ya pikipiki usiongeze mwendo: simama, shuka upande wa pili, chombo kiwe ngao. Ile ya kuinama kama unaokota jiwe huwafukuza mbwa wengi wa mtaani, lakini mbele ya jike mwenye watoto nisingeijaribu.

Wenzako ambao hawajaumwa wanaweza kuchanjwa mapema, dozi mbili, siku ya 0 na ya 7. Aliyechanjwa hivyo akiumwa bado ataosha jeraha na kwenda hospitali, ila atahitaji nyongeza chache tu, bila ile dawa ya kingamwili iliyo ghali na adimu. Mpelekee bosi hoja hiyo pamoja na taarifa yako ya ajali. Wewe ukimaliza dozi utahesabiwa kuwa umeshachanjwa, basi kadi usiitupe: ukiumwa tena, ndiyo ya kwanza kuionyesha.