Kuzuru Mahali pa Msiba: Maswali ya Wasomaji

Swali: Tulipozuru Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa, kijana mmoja katika msafara wetu aliingia shimoni penye sanamu za watumwa, akajiwekea mnyororo shingoni ili apigwe picha. Nilimkemea mbele ya watu. Je, nilikosea?

Jibu: Kumkemea hukukosea, ingawa ungemvuta pembeni pengine angekusikia zaidi. Sanamu zile, kazi ya Clara Sörnäs wa Uswidi ya mwaka 1998, zimewekwa shimoni, nasi tunabaki juu ukingoni, pale ambapo angesimama mnunuzi; mimi sijawahi kusimama hapo bila kuona haya. Kuzipiga picha si kosa. Kosa ni kumfanya aliyefungwa kuwa pambo la picha yako.

Swali: Ni halali kulipisha kiingilio mahali watu walipouzwa?

Jibu: Ni halali, maana majengo ya mawe kando ya bahari hayajitunzi. Uliza tu fedha hizo zinakwenda wapi.

Swali: Mwongoza watalii alituambia kuwa watumwa walifungiwa katika vyumba vya chini vya Mkunazini wakisubiri mnada. Baadaye nikasoma kwamba jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari. Tumedanganywa?

Jibu: Soko lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Uingereza, na mwaka huohuo Wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa juu ya kiwanja chake. Jengo lenye vyumba vile ni la misheni, na wapo wanahistoria wanaoona kwamba vilikuwa ghala tu. Soko lenyewe halina ubishi, na ndiyo sababu chumvi hii inanikera: msikilizaji akigundua kimoja kilichotiwa chumvi, huanza kutilia shaka hata kile ambacho ni kweli tupu. Ndani ya kanisa, karibu na altare, kuna duara la marumaru panaposemekana palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Mwongozaji mwaminifu hulitamka hilo neno "panaposemekana". Tena haishii 1873, kwa sababu utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria Unguja hadi 1897, na karafuu ziliendelea kuchumwa na mikono ileile.

Swali: Nakwenda Rwanda na mwanangu wa miaka tisa. Nimpeleke kanisa la Nyamata, ambalo sasa ni kumbukumbu ya mauaji ya kimbari?

Jibu: Mimi nisingempeleka. Nguo za waliouawa Aprili 1994 zimerundikwa juu ya mabenchi, na chini ya ardhi yamepangwa mafuvu, ambayo yameachwa wazi ili yawe ushahidi dhidi ya wanaokana mauaji ya kimbari. Hayo yanahitaji mtu mzima. Nenda mwenyewe, kamera ikae mfukoni, kwani ndani hairuhusiwi. Na ukifika Aprili, kipindi cha kumbukumbu kinachoanza tarehe 7, utawakuta wenye msiba wakiwa na maua mikononi. Wapishe wapite kwanza, nawe ukae nyuma.