Leseni ya Kenya haibadilishwi Ulaya: unaanza upya ukiwa na saa zako

Ndugu, umeuliza kama leseni yako ya urubani wa biashara iliyotolewa Kenya, yenye saa 900 za kuruka ambazo nyingi ni za Caravan (ndege ndogo ya injini moja), inaweza kubadilishwa ili uajiriwe na shirika la ndege la Ulaya. Mimi niliipitia njia hiyo nikitokea uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na naona neno "kubadilisha" ndilo linalotupotosha wengi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 2020/723 inazitambua saa ulizoruka na inaruhusu upunguziwe mafunzo, lakini haikusamehei mitihani. Ukilenga kurusha ndege za abiria za mashirika, utafanya masomo yote 13 ya nadharia, kila moja kwa alama zisizopungua asilimia 75, na uyamalize ndani ya miezi 18 tangu mwisho wa mwezi uliofanyia mtihani wa kwanza.

Kabla ya kulipa chochote, chagua nchi itakayokupa leseni. Mimi nilipima afya katika nchi moja kwa sababu nilikuwa na pa kulala, kisha nikafanya mitihani chini ya mamlaka ya nchi nyingine kwa kuwa shule yangu ilikuwa huko. Leseni hutolewa na mamlaka inayoshika faili lako la afya, hivyo faili ikabidi lihamishwe, nami nikakaa miezi minne nikiwa na matokeo mazuri mkononi na sina leseni. Kosa lilikuwa langu. Anza na cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho kwa mara ya kwanza hutolewa na kituo cha tiba ya anga kilichoidhinishwa, kwani macho au moyo vikikukwamisha, utakuwa umepoteza nauli tu na si akiba yako yote.

Katika nadharia, somo la uwezo wa ndege halikunisumbua: aliyezoea kuruka na mzigo saa saba mchana kutoka uwanja ulio zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari anajua hewa nyepesi inavyoiibia ndege nguvu. Hali ya hewa ndiyo iliyonitoa jasho, maana sisi tunajua mawingu ya radi ya alasiri, wao wanauliza barafu juu ya mabawa na mipaka ya hewa baridi na joto inayofuatana kutoka Atlantiki.

Kwa upande wa vitendo, shule itakupima na kupendekeza mafunzo unayohitaji kabla ya mtihani wa kuruka kwa vyombo, yaani kwa kutegemea vipimo vya ndani bila kuona nje, katika ndege ya injini mbili. Saa za Caravan ukiwa rubani peke yako hazikuondolei kozi ya ushirikiano wa marubani wawili, ambayo ina takriban saa 20 za simuleta, wala ile ya kuiokoa ndege iliyopoteza mkao wake angani, yenye angalau saa tatu za kuruka na mwalimu.

Usisahau kwamba Uingereza ilitoka katika mfumo huu wa leseni wa Umoja wa Ulaya mwishoni mwa 2020, kwa hiyo leseni yake ni safari nyingine kabisa. Na leseni ya Ulaya haikupi haki ya kuishi wala kufanya kazi huko, ilhali mashirika mengi huitaka haki hiyo kabla hata ya kusoma saa zako. Mimi niliipata kwa ndoa; wewe tafuta jibu lako la hilo kabla ya kulipia somo la kwanza.