Pepa ya Kamisheni C: mdogo wangu, funga geini kwanza

Juzi usiku dada mmoja wa Mwanza kaniandikia inbox, "kaka shikamoo, nimeona ulifika kule kwa watu wa URSI, na mimi nina data ya miezi miwili, nifanyeje pepa yangu ya utafiti ipokelewe?" Akaambatanisha na faili. Nikakaa nalo mpaka saa saba, chai ikapoa, maana ilikuwa kama najisoma mwenyewe wa miaka ile.

Kwa ambaye hajui, URSI ni umoja wa kimataifa wa sayansi ya redio, ulianzishwa Brussels mwaka 1919. Una kamisheni 10 zenye herufi A mpaka K, ile I wameiruka. Ya kwetu sisi watu wa mawasiliano ni C, inashughulika na mifumo ya mawasiliano ya redio na uchakataji wa ishara, na kazi yake kubwa ni kupanga vikao vya kisayansi kwenye mikutano mikuu, yaani wanaamua mada, wanasoma pepa, wanakuweka mbele ya watu wanaoishi na kulala na mambo hayo. Mkutano mkuu ni kila baada ya miaka 3, 2023 ulikuwa Sapporo kule Japani, 2026 ni Krakow kule Poland, na katikati kuna ule wa Atlantiki unaofanyika Gran Canaria, kisiwa cha Uhispania, na mwingine wa Asia na Pasifiki.

Mimi Sapporo niliitamani vibaya mno. Nilikuwa Dodoma, chumba cha kupanga, na wazo langu nililipenda (bado nalipenda). Tanzania tulianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, watu wakahamia kwenye ving'amuzi, na ukisikiliza yale masafa ya tivii utakuta chaneli nyingi kimya. Nikasema napima zipi ziko wazi na saa ngapi, ili siku moja redio inayosikiliza kwanza kabla ya kurusha iweze kuzitumia kupeleka intaneti vijijini. Hilo ni jambo la Kamisheni C kabisa.

Kifaa sikuwa nacho, nilikuwa na kale kadude ka USB ka kupokelea tivii, RTL-SDR. Kenyewe kanaona kama megahezi 2.4 tu kwa mkupuo, na chaneli moja ya tivii ni megahezi 8, kwahiyo unapima kipande, unasogea, unapima kingine, mara nne ndio umemaliza chaneli moja. Wiki sita nikafanya hivyo, antena juu ya bati, laptopu chini ya kitanda, umeme ukikatika naanza upya.

Nikampelekea mwalimu mmoja. Akakashika kale kadude mbele ya wenzangu akasema "na hiki cha kuangalizia tivii ndio unaenda nacho Japani?" Watu wakacheka. Sijasahau mpaka leo na sioni sababu ya kusahau, kwasababu angefungua faili badala ya kuangalia kifaa angeliona kosa lenyewe, na mimi ningeokoa mwaka mzima. Kosa nililigundua peke yangu, dedilaini imeshapita. Geini, yaani kiasi ambacho kifaa kinakuza ishara inayoingia, niliiacha ijiendeshe yenyewe.

Naomba hapa unisikilize vizuri. Kujua chaneli iko wazi unalinganisha nguvu unayoipokea na kelele ya kawaida ya kifaa, ikizidi kiwango ulichoweka unasema ina mtu, isipozidi iko wazi. Sasa geini ikiwa inajipandisha na kujishusha, hiyo ni mizani ya sokoni ambayo muuzaji kaweka kidole. Kale kadude kana ngazi 256 tu za kusomea ishara, stesheni ya FM ya jirani ikiunguruma kidogo tu geini inashuka, na chaneli dhaifu inazama kwenye kelele unaiandika "wazi" kumbe ina mtu. Wiki sita zangu zote zilikuwa hivyo, nikazifuta, na nililia.

Nikapima upya na geini imefungwa, kila asubuhi naanza kwa kuziba mlango wa antena na kipingamizi cha omu 50 ili nijue kelele ya siku hiyo. Nusu ya pepa iliyohusu mvua nikaitoa, maana mvua na mawimbi ni mambo ya Kamisheni F na mimi niliichomeka ili nionekane najua mengi. Mei 2024 nikasimama Gran Canaria na grafu za Dodoma, na kifaa kilikuwa kile kile kilichochekwa.

Kwahiyo vijana wenzangu acheni kukimbilia vyeti. Soma kamisheni inataka nini kabla hujapima. Halafu isome tena, usipeleke mvua kwa watu wa ishara. Kama hujafika miaka 35 omba ile tuzo ya wanasayansi vijana, inasaidia ada na malazi, ila tiketi ya ndege usiwategemee, anza kuitafuta mapema usisubiri barua. Na usikubali mtu akupime kwa bei ya kifaa chako, akupime kwa data. Ila data iwe safi! Narudia, iwe safi, maana ikiwa chafu hata mwenye kifaa cha mamilioni hatoki.

Na wewe dada wa Mwanza, faili lako nimelifungua. Mstari wa geini umeandika "auto". Iweke 28, usiiguse tena, antena ibaki pale pale, pima siku mbili tu halafu unitumie Jumapili.